Ninunue Gari Sasa au Ningoje Julai?

Nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi, zile zilizochelewa kwa sababu mgomo wetu ulizichelewesha, binamu yangu aliponipigia simu kutoka Mombasa. Yeye ni wakala wa forodha, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikimsumbua kuhusu jambo moja tu. "Daktari," akasema, "gari lako limepatikana. Lakini una siku nne."

Gari lenyewe ni Subaru WRX STI, rangi ya samawati, gia za mkono, lililosajiliwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2018. Lilikuwa limekwisha pakiwa melini. Mteja aliyeliagiza alikuwa amekwama kifedha na alitaka kumwachia mtu mwingine kabla meli haijatia nanga. Meli ilitarajiwa bandarini kabla ya Krismasi, na tarehe hiyo ilikuwa na uzito kuliko rangi ya gari au idadi ya kilomita zake. Kenya haipokei gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka minane. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa, KEBS, litakubali magari yaliyosajiliwa mwaka 2019 na baada yake pekee. Gari la 2018 likifika tarehe 31 Desemba ni bidhaa halali. Likifika kesho yake, ni chuma kisicho na mahali pa kushukia.

Ndugu msomaji, najua baadhi yenu mmekwisha kuanza kucheka. Mhadhiri aliyekuwa akiimba nyimbo za mgomo mwezi Oktoba, Desemba anaulizia gari la mashindano! Chekeni, lakini nipeni nafasi nieleze siku zangu nne. Nadhani mwishoni mtaona kwamba jambo hili halinihusu mimi peke yangu.

Nianze na tamaa yenyewe, maana sitaki kuificha nyuma ya nadharia. Mwezi Machi mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi katika Bonde la Ufa, alituamsha alfajiri, mimi na kaka yangu, tukatembea hadi kwenye barabara ya vumbi ambako magari ya Safari Rally yangepita. Tulisubiri kwa saa nyingi. Kwanza ikaja helikopta, kisha mlio, kisha wingu la vumbi, na ndani ya wingu lile kitu cha samawati chenye magurudumu ya dhahabu. Kilipita kwa muda usiofika sekunde tatu. Jioni tulisikia redioni kwamba Colin McRae alikuwa akiongoza, na mashindano yalipokwisha alikuwa mshindi. Katika miaka hiyo Mkenya mwenzetu Patrick Njiru naye alikuwa akiendesha Subaru, na kwetu sisi watoto hilo lilithibitisha kwamba gari lile halikuwa la watu wa mbali.

Safari ilikuwa yetu kwa namna ambayo vitu vingi vya kisasa havikuwa vyetu. Ilianza mwaka 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Lakini wakulima na wafugaji waliosimama kando ya njia waliichukua wakaifanya sikukuu yao. Joginder Singh aliishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Baada ya 2002 ikaondolewa katika mashindano ya dunia, na ilipita karibu miongo miwili kabla ya kurejea Naivasha mwaka 2021. Mtu wa rika langu anapotamani gari la namna hii, hatamani kasi peke yake. Anatamani asubuhi fulani, na mtu aliyemshika mkono asubuhi hiyo.

Siku ya kwanza niliitumia kujiuliza kama kungoja kuna hasara yoyote. Kwa kawaida mimi ni mtu wa kungoja. Simu hupungua bei, kompyuta hupungua bei, na hata magari ya kawaida ukiyangoja mwaka mmoja utapata jingine lililo bora. Gari hili si hivyo. Injini yake, ile inayoitwa EJ20, ilitungwa mwaka 1989 na utengenezaji wake ukafikia kikomo miaka thelathini baadaye. Mwezi Machi 2022 kampuni ilitangaza kwamba haitatengeneza STI nyingine ya petroli juu ya umbo jipya la gari hilo. Kwa hiyo hakuna STI ya 2021 ninayoweza kuingoja, wala ya 2023. Kwa mnunuzi wa Kenya, dirisha ni jembamba: zile za 2018 mwisho wake ni mwezi huu, na zile za 2019 mwisho wake ni Desemba 2026. Baada ya hapo utanunua lililokwisha kuingia nchini, lenye siri za kila kijana aliyeliendesha kutoka klabu usiku wa manane.

Fundi wangu wa Grogan nilipomweleza, hakunishangilia. Aliipangusa mikono yake kwa kitambaa, akasema, "Daktari, STI si gari la kununua. Ni gari la kulea." Akanihesabia: mafuta ya injini kubadilishwa mapema kuliko ninavyozoea, petroli ya kiwango cha juu wakati wote, klachi, tairi, na ile hofu ya injini kuanza kugonga. Nilimsikiliza kama mtu anayesomewa masharti ya ndoa akiwa amekwisha kupenda.

Siku ya pili ilikuwa ya hesabu za kodi. Ninawaomba wanafunzi wangu waifuate hesabu hii pole pole, kwa sababu ni somo la uraia. Chukua gari ambalo thamani yake ya forodha ni shilingi 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, kwa hiyo tunafika 135. Ushuru wa bidhaa kwa gari la petroli lenye injini inayozidi sisi 1,500 ni asilimia 25, nao hautozwi juu ya ile 100, hutozwa juu ya 135. Hapo zinaongezeka shilingi 33.75. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, hutozwa juu ya jumla ya yote hayo, nayo ni shilingi 27. Weka ada ya tamko la uagizaji, 2.50, na tozo ya ujenzi wa reli, 2. Jumlisha: 100.25. Kila anayeagiza gari la namna hii hununua magari mawili, moja la kwake na moja la serikali, na lile la serikali ndilo ghali zaidi kwa senti 25.

Isitoshe, thamani ya forodha si bei uliyolipa Japani. Ni bei ambayo Mamlaka ya Ushuru imeiandika katika orodha yake, ikipunguzwa kulingana na umri wa gari. Ukibahatika kupata bei nafuu mnadani, bahati hiyo haivuki bahari pamoja nawe.

Sipingi kodi. Mimi hulipwa kwa kodi, na hospitali ya kaunti anakofanya kazi mke wangu huendeshwa kwa kodi. Wala siwezi kudai kwamba gari la nguvu za farasi 308 ni hitaji la msingi ambalo taifa linapaswa kulionea huruma. Ninachokisema ni kwamba nilipoanza kuweka akiba, ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25. Mwaka 2023 ukapandishwa hadi 35. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ukataka kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, si chini ya shilingi 5,000 na si zaidi ya 100,000. Pendekezo hilo liliondolewa tarehe 18 Juni, na wiki moja baadaye vijana walikuwa ndani ya Bunge kwa sababu ya yale yaliyobaki na yale yaliyolimbikizana kabla yake. Kungoja hakukuwa kumenisaidia. Kila nilipokaribia mlango, mlango ulisogezwa.

Na hapa ndipo linapoingia neno ambalo kila mhadhiri wa chuo kikuu cha umma nchini analijua vizuri kuliko jina la mkuu wa idara yake: malimbikizo.

Mkataba wetu wa pamoja wa mwaka 2017 hadi 2021 haukutekelezwa kikamilifu. Kilichobaki, shilingi bilioni 7.9, tulikidai kwa barua, kwa mikutano, mahakamani, na hatimaye kwa mgomo ulioanza tarehe 17 Septemba mwaka huu na kumalizika tarehe 5 Novemba. Siku 49. Makubaliano ya kurejea kazini yalisema deni litalipwa kwa awamu mbili: nusu ya kwanza sasa, nusu ya pili Julai 2026. Kwangu mimi awamu ya kwanza imekwisha kuingia. Si fedha za kununulia STI, asije mtu akafikiri wahadhiri wanaogelea katika utajiri. Lakini ukiziweka juu ya akiba yangu ya miaka sita, ukakopa sehemu iliyobaki kutoka SACCO, kisha ukaupunguza mkopo huo kwa fedha za Julai, hesabu inakubali. Inakubali kwa shida, kama mlango unaofungwa kwa bega, lakini inakubali.

Usiku wa siku ya pili nilikaa na karatasi hiyo ya hesabu nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla. Mkataba ule ulianza kuhesabiwa Julai 2017. Gari lile lilisajiliwa 2018. Deni langu, basi, ni kuukuu kuliko gari. Serikali ambayo itaikataa STI ya 2018 ifikapo Januari, kwa sababu imezeeka mno kwa barabara zetu, inanilipa fedha za mwaka ambao gari hilo halijatoka kiwandani. Kama madeni ya umma nayo yangekaguliwa bandarini kwa sheria ya miaka minane, langu lingerudishwa lilikotoka. Mwaka 2017 dola moja ilikuwa kama shilingi 103. Leo ni kama 129, na mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imepita 160. Shilingi niliyoifanyia kazi wakati ule siyo shilingi niliyolipwa mwezi uliopita. Gari husemwa limechakaa. Kwa nini mshahara hausemwi hivyo?

Rafiki yangu wa idara ya siasa, mtu wa hasira njema, alinishika mkono tukitoka kunywa chai. "Nunua," akasema. "Watu wanaongoja ndio watu wanaotawalika. Serikali hii inaishi kwa subira yetu. Usiwape na hii nayo." Hoja yake ina nguvu. Ukiitazama kwa makini, mwalimu, muuguzi, mkandarasi mdogo aliyejenga darasa la kaunti akangoja malipo miaka mitano, mkulima wa miwa, wote hao wameikopesha dola bila riba na bila kuulizwa. Bajeti yetu inabebwa na watu waliofundishwa kwamba kungoja ni adabu.

Siku ya tatu nilikuwa na kipindi. Tunafundisha mbio mbio sasa, tukijaribu kuziba pengo la wiki saba. Baada ya kipindi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne alinifuata hadi ofisini. Alibisha hodi, akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia aketi. Alitaka barua. Mahali alipokuwa ameahidiwa nafasi ya mafunzo ya kazi wamempa mtu mwingine, kwa sababu mitihani yake imesogezwa. Alikuwa akiomba niandike kwamba kosa si lake.

Nilipokuwa naandika aliniuliza kwa heshima, "Daktari, mlilipwa lakini?"

Nikamwambia tumelipwa nusu.

"Angalau," akasema. Hakusema kwa kejeli, na pengine ndiyo maana neno hilo halijaniondoka. Wakati wa mgomo alikuwa ameendelea kulipa kodi ya chumba chake nje ya chuo, kwa sababu nauli ya kwenda nyumbani na kurudi bila kujua tarehe ilikuwa kubwa kuliko kodi yenyewe. Alikula mara moja kwa siku. Tulikuwa na haki ya kugoma, na leo ningegoma tena. Lakini haki yetu ililipiwa kwa sehemu na kijana huyu, naye hana mkataba wa awamu mbili. Hakuna Julai yake.

Ili kubadili mazungumzo nikamtania. Nikamuuliza, akiniona nimekuja chuoni na Subaru atasemaje? Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. "Daktari, tutakimbia," akasema. "Sisi tukiona Subaru imeegeshwa bila namba, tunakimbia kwanza, tunauliza baadaye."

Nilikuwa nimesahau. Au tuseme, kama watu wa umri wangu, nilikuwa nimejiruhusu kusahau. Mwezi Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema visa 82 vya watu kutekwa vilikuwa vimeripotiwa tangu Juni mwaka huo. Katika masimulizi ya wanafunzi wangu, Subaru ndilo gari linalokuja. Katika miaka ya themanini, wazazi wetu waliiogopa Peugeot nyeupe kwa namna hiyo hiyo. Gari halina hatia, bila shaka, na aliyelitengeneza hakulitengenezea hilo. Lakini kitu cha samawati kilichopita mbele yangu mwaka 1997 kama furaha, mbele ya kijana huyu hupita kama hofu, na tofauti hiyo haikuletwa na injini. Imeletwa na namna tunavyotawalwa. Nilitia sahihi barua yake nikaipiga muhuri mara mbili, sijui kwa nini.

Jioni nilimpigia Mama.

Lazima nieleze habari ya Baba na gari lake, maana ndugu zangu wanajua na wengine hamjui. Oktoba 1997, miezi saba baada ya asubuhi ile ya Safari, walimu wa Kenya waligoma. Uchaguzi mkuu ulikuwa karibu. Serikali ikatia sahihi makubaliano: nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 150 na 200, kulipwa kwa awamu katika miaka mitano. Ninakumbuka Baba akirudi nyumbani siku hiyo. Alimnunulia Mama kitenge, akatununulia soda sote. Awamu ya kwanza ililipwa. Baba, kwa kutegemea awamu zilizobaki, akachukua mkopo katika ushirika wa walimu akanunua pikapu kuukuu ya Datsun, ili aibebee viazi siku za soko na kuongeza kipato.

Uchaguzi ukapita. Mwaka 1998 serikali ikasema haina fedha za awamu iliyofuata. Walimu wakagoma tena mwezi Oktoba mwaka huo, wakarudi mikono mitupu. Mkopo wa Baba haukujua habari za siasa, ulikatwa kila mwezi. Pikapu iliharibika gia mwaka 1999 na hakukuwa na fedha za kuitengeneza. Ilikaa juu ya mawe nyuma ya jikoni, kuku wakatagia ndani, na mimi nilikwenda chuo kikuu nikiiacha pale. Baba alistaafu mwaka 2001. Alikuwa miongoni mwa maelfu ya walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2003 ambao malipo yao ya uzeeni yalihesabiwa kwa mshahara wa zamani. Walikwenda mahakamani Nakuru, wakashinda mwaka 2008. Baba alihifadhi nakala ya hukumu ndani ya Biblia. Alifariki mwaka 2014 bila kuona hata shilingi moja ya ushindi huo.

Kwa miaka mingi niliitazama pikapu ile kama kosa la Baba. Kwa kweli ndiyo iliyonifanya mtu wa kungoja. Niliamini kwamba alikuwa amenunua gari kabla ya wakati, kwa haraka ya mtu aliyetaka kuonekana. Hilo ndilo nililomwambia Mama katika simu, kwamba sitaki kurudia kosa la Baba.

Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Baba yako hakukosea kununua gari. Gari lilikuwa la kazi, na alikuwa na haki ya kulitaka. Alikosea kulinunua kwa pesa ambazo bado zilikuwa midomoni mwa watu." Akaongeza, "Na hilo nalo sijui kama ni kosa. Waliweka sahihi. Mtu akiweka sahihi, mwenzake afanyeje?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha sayansi ya siasa kwa miaka kumi na minne, nimewasomesha watu nadharia za dola na uhalali wake, na sikuwa na jibu la Mama. Dola ambayo sahihi yake haiwezi kuwekwa rehani na mwalimu wa shule ya msingi ni dola ya namna gani? Raia anayepanga maisha yake kwa kutegemea makubaliano ya serikali hapaswi kuitwa mjinga. Katika nchi zinazofanya kazi, yeye ndiye mwenye busara, maana anaamini maandishi.

Mke wangu alikuwa amesikia upande wangu wa mazungumzo. Yeye ni muuguzi na amezoea kuuliza maswali mafupi. "Baba Watoto," akasema, "Julai wasipolipa, tutauza gari au tutaacha kulipa karo?" Nikamweleza kuhusu dirisha la 2018 na la 2019, kuhusu injini ambayo haitatengenezwa tena. Alisikiliza yote, na alisikiliza kwa upendo, kwa sababu anajua habari ya asubuhi ile ya 1997. Kisha akarudia swali lake.

Siku ya nne niliamka mapema nikaiandika hesabu upya, safari hii bila Julai. Nilifuta mstari wa awamu ya pili kana kwamba haukuahidiwa kamwe. Hesabu ikakataa, na haikukataa kwa kidogo. Mkopo wa SACCO ungenifunga miaka minne, kwa riba. Hapo ndipo nilipoona upumbavu uliokuwa umejificha. Serikali inadaiwa nami bila kulipa riba. Mimi ningekopa kwa riba ili kuziba nafasi ya fedha hizo hizo. Ningekuwa nailipia serikali gharama ya kunichelewesha, kisha ningeilipa tena pale bandarini, shilingi kwa shilingi, kwa ruhusa ya kuingiza gari. Rafiki yangu alisema nisiwape subira yangu. Lakini kwa njia hii ningewapa subira na riba pamoja.

Nilimpigia binamu yangu kabla ya saa tatu. "Liache," nikasema.

"Una hakika, Daktari?"

"Sina. Lakini liache."

"Haya. Kuna kijana wa Eldoret anangoja jibu lako." Kabla ya adhuhuri lilikuwa limekwisha pata mwenyewe. Namtakia kila la heri, na ninamsihi aendeshe taratibu. Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na hakuna hata mmoja kati yao aliyerudishwa na ufundi wa Wajapani.

Sitaki mtu asome uamuzi huu kama mahubiri ya kujinyima. Mfanyakazi wa umma ana haki ya kutamani kitu kizuri kisicho cha lazima. Tunapokubali kwamba mwalimu anatakiwa atamani chaki na daftari tu, huku mwanasiasa akitembea na msururu wa magari, tumekwisha kukubali tabaka mbili za binadamu. Sikuliacha gari kwa sababu ya kijana wa mwaka wa nne, ingawa neno lake la "angalau" lilikaa nami mezani. Sikuliacha kwa sababu ya hofu ya wanafunzi, ingawa nitafikiri upya kuhusu rangi na mahali pa kuegesha. Nimeliacha kwa sababu sehemu ya bei yake ilikuwa ahadi, na mtoa ahadi huyo ana rekodi ninayoijua tangu utotoni.

Pia nimejifunza kutofautisha aina mbili za kungoja. Kuna kungoja kwa mtu aliyepiga hesabu akaona bado. Huko ni kujitawala. Na kuna kungoja kwa mtu ambaye chake kiko mkononi mwa mwingine, akaambiwa avumilie. Huko ni kutawaliwa, hata kama kunaitwa utulivu na uzalendo. Gari nitalingoja kwa namna ya kwanza. Deni sitalingoja kwa namna ya pili. Wewe unayesoma haya ukiwa ofisini Hazina, au katika wizara, au katika ofisi ya fedha ya chuo chochote, nakuomba uandike tarehe hiyo mahali unapoiona: Julai 2026. Hamtulipi zawadi. Na mkishamaliza kwetu, kuna walimu wazee wenye hukumu ya mahakama ndani ya Biblia zao, wanaopungua kila mwaka.

Binamu yangu ameniambia STI za 2019 bado zinapatikana minadani, ingawa ni ghali zaidi, na kwamba dirisha lake litafungwa tarehe 31 Desemba 2026. Nimempa maagizo: asinipigie kabla ya Agosti. Fedha zikiingia, nitaisoma hesabu yangu upya. Zisipoingia, tutaonana barabarani, na nitakuja kwa miguu.

Sasa niwaache, nina karatasi arobaini na tatu za kusahihisha, na wenyewe wamengoja vya kutosha.